Maumivu ya Viungo: Tutumie Dawa kwa Akili

Mama mmoja tuliyekuwa tukimtembelea aliumwa na magoti kila asubuhi. Akawa anameza aspirini ya dukani, na jioni anaongeza diklofenaki aliyopewa na jirani. Baada ya wiki mbili alitapika damu, akalazwa. Hakuna aliyekuwa amemwambia ati hizo dawa ni za ukoo mmoja, na zote zaweza kutoboa tumbo.

Basi tujifunze pamoja:

1. Tuanze na kitambaa cha maji moto na kutembea kidogo kila siku. Goti likikaa bure hukakamaa.

2. Parasetamoli ya 500 mg: mtu mzima ameze vidonge 2, angoje saa 6. Asipite vidonge 8 kwa siku. Mgonjwa wa ini au mnywaji wa pombe aulize kwanza.

3. Aspirini, ibuprofeni, diklofenaki: ni moja tu, baada ya kula, kwa siku chache. Mwenye vidonda vya tumbo, presha, au ugonjwa wa figo au moyo asiziguse kabla ya kumwona daktari.

4. Mitishamba: chai ya tangawizi huwapunguzia wengine kidogo. Lakini unga wa sokoni usiojulikana tuuache. Mwingine huchanganywa na dawa kali kisirisiri. Na ukinywa dawa ya miti, mwambie daktari bila aibu.

Kiungo kikivimba ghafula na homa ikaingia, twende hospitali siku hiyo hiyo.

Swali la kikundi: Nyumbani kwako kuna dawa gani za maumivu? Zilete mkutano ujao tusome majina yake.