Mimba Isiyotarajiwa Hupenyea Wapi?

Wengi wanaopata mimba bila kutarajia walishasikia habari za uzazi wa mpango. Tatizo liko kwenye mianya.

Chukua mama mwenye mtoto wa miezi saba. Ananyonyesha, mtoto ameshaanza uji, na yeye hajaona siku zake tangu ajifungue. Anajiona yuko salama. Kunyonyesha hukinga pale tu mtoto hajatimiza miezi 6, ananyonya usiku na mchana bila kupewa hata maji, na hedhi haijarudi. Likikosekana moja, kinga hakuna. Tena yai hutangulia kutoka kabla ya hedhi ya kwanza, kwa hiyo mama anaweza kushika mimba bila kuona damu hata tone.

Wanaohesabu kalenda wakumbuke kwamba mbegu za mwanamume huweza kuishi mwilini hadi siku 5.

Kwa wa sindano, tatizo ni tarehe ya kurudi. Inaangukia msimu wa kupalilia, au unafika kituoni unaambiwa dawa imeisha. Usiondoke mikono mitupu: omba kondomu au vidonge vya kushikizia. Sindano ya miezi mitatu, hata ukichelewa hadi wiki 4, bado unachomwa. Wapo pia wanaoficha kadi kwa jirani kwa kuwa mume hataki kusikia; baba wa namna hiyo tungependa aje kliniki mwenyewe, aulize.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 nchini Tanzania ulionyesha kuwa asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikwisha kupata ujauzito. Wazee husingizia simu. Sisi tunaitazama njia ya shule: ni ndefu, nauli hakuna, dereva wa bodaboda anatoa lifti, kesho chipsi, keshokutwa pesa ya taulo za kike. Siku akidai malipo, binti atakataaje? Mzazi, jua binti yako anafikaje shule. Na akipata mimba usimfungie ndani: tangu Novemba 2021 anaruhusiwa kurudi darasani baada ya kujifungua.

Kondomu ikipasuka, au mtu akibakwa, vidonge vya dharura (wengi huviita P2) vimezwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Havitoi mimba iliyokwisha kutunga. Aliyebakwa awahi kituo cha afya ndani ya muda huohuo, apate pia dawa za kuzuia VVU.