Masika ya Corona: Vidokezo 7 vya Kuipanga Siku Kabla ya Kafyu

Mgonjwa wa kwanza wa Corona nchini Kenya alitangazwa Machi 13, 2020, shule zikafungwa siku chache baadaye, na kabla mwezi haujaisha tukawa tunakimbizana na saa moja jioni, saa ya kafyu. Mambo yalibadilika upesi! Lakini mengi ya kuturahisishia maisha yalikuwamo tayari humo nyumbani mwetu. Haya, hivi ndivyo vidokezo vya siku zile.

1. Sabuni ya kipande ni bingwa

Ulizunguka madukani ukitafuta dawa ya kutakasa mikono na kila mahali ukaambiwa imeisha? Jibu lilikuwa nyumbani. Kirusi cha Corona kimevikwa utando wa mafuta, na sabuni yoyote, hata ile ya kufulia, huuvunja utando huo. Kinachotuponza ni haraka. Sugua kwa sekunde 20, katikati ya vidole, chini ya kucha, na kidole gumba ambacho wengi hukisahau. Vile vipande vyembamba vinavyobaki usivitupe: vikwangue kwenye maji moto, tia chupani, na una sabuni ya maji.

2. Jitengenezee kibuyu chirizi

Hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote, na watoto watakushangilia. Tafuta jerikani ya lita 5, ile ya mafuta ya kupikia. Pasha msumari moto, utoboe tundu dogo upande wa mbele, kama upana wa kiganja chini ya mdomo. Simika miti miwili yenye panda, pitisha ufito kwenye mkono wa jerikani, kisha uulaze ufito juu ya panda hizo. Funga kamba shingoni mwa jerikani, uiteremshe hadi kwenye kijiti ambacho ncha yake moja imelala chini. Jaza maji yakomee chini kidogo ya tundu.

Sasa kanyaga kijiti. Jerikani inainama, maji yanachirizika. Ukiachia, inajirudi yenyewe. Hakuna anayeshika mfereji baada ya mwenzake, na maji yanayotumika ni kidogo mno. Sabuni je? Itoboe, uitundike kando kwa kamba, na juu yake uweke nusu ya chupa ya plastiki iwe mwavuli wake, la sivyo mvua za Aprili zitaimaliza kabla ya Jumapili. Kama unaishi kwenye ploti, kiwekeni langoni ili kila anayeingia anawe kwanza.

3. Hesabu siku kinyumenyume

Kuanzia Machi 27, 2020, saa moja jioni ilikuwa saa ya kuwa ndani. Nayo matatu ya abiria 14 ilibeba 8, kwa hiyo foleni ya stejini ilirefuka. Hesabu ilikuwa hivi: anza na saa moja, ondoa muda wa safari, ondoa wa foleni, ondoa nusu saa ya mvua (ndiyo, mvua nayo ina fungu lake!). Hapo unapofika ndipo kazi inapoishia. Tega kengele ya simu, na ikilia, funga, hata kama imebaki barua pepe moja tu. Si huwa inabaki moja tu kila siku?

4. Lipa kwa simu

Kutuma shilingi 1,000 kwenda chini kwa M-Pesa kuliacha kutozwa ada kwa muda kuanzia katikati ya Machi 2020. Tuliitumia nafasi hiyo! Mwandikie mama mboga ujumbe asubuhi, mlipe kwa simu, ukifika ukute sukuma imeshakatwa na kufungwa. Noti hazipiti mikononi, na yeye hakusanyi umati kibandani.

5. Tundika leso, anza kazi

Ofisi yako ni kona ya meza ya kulia, na bosi mdogo wa miaka mitano anataka chai? Jaribu hivi: tundika leso kwenye kiti chako. Leso ikiwa juu, mama au baba yuko kazini. Ikishuka, karibuni nyote. Watoto huelewa alama upesi kuliko maelezo. Kisha, shule zilipofungwa, tulipanga simu zetu za kikazi zilingane na vipindi vya masomo vya taasisi ya mitaala, KICD, kwenye redio ya taifa, KBC, wakati masikio yao yalikuwa na shughuli. Na bando likikusumbua, zima video mkutanoni. Sauti inatosha.

6. Barakoa ziwe mbili

Moja usoni, moja kambani. Ifue kila jioni kwa sabuni, ipige pasi asubuhi. Kwa kuwa nguo hazikauki upesi wakati wa masika, ianike jikoni, mbali na moto. Unavaa miwani na inaingia ukungu? Shona kiwaya chembamba kwenye ukingo wa juu, ukibane puani. Na tafadhali, kidevu hakipumui, kiache wazi!

7. Nyanya yako bado anakungoja

Kuanzia Aprili 6, 2020 hakukuwa na ruhusa ya kutoka Nairobi, hivyo Pasaka ilitukuta mbali na nyumbani. Kutokwenda kwako ndiko kulikomkinga nyanya, lakini yeye alichokiona kilikuwa kiti kitupu. Mpangie saa maalumu ya simu, siku zile zile kila wiki, asije akadhani umepiga kwa sababu kuna msiba. Usianze na takwimu za Corona za Wizara ya Afya. Muulize mahindi yamefika wapi, kama ng'ombe amezaa, nani amepalilia. Ukiwa na salio la dakika kumi, dakika tisa ni zake.