Mizani kabla ya gunia la kwanza

Wakulima wenzangu wa Tongoni na njia nzima ya Pangani, korosho zinakaribia kudondoka. Mmeshafyeka chini ya mikorosho, na magunia wengi mmeshayatafuta. Mwezi huu nina swali moja tu: mtapimia nini?

Msimu mmoja nilikuwa na kikundi cha akina mama chini ya mwembe, mnunuzi akatua mizani yake ya bamba juu ya mchanga. Gunia la kwanza likasoma kilo 76. Bibi mmoja akakataa, akataka mizani iwekwe juu ya mbao ngumu. Gunia lilelile likasoma kilo 79. Mguu mmoja wa mizani ulikuwa umezama, mchanga ukaligusa bamba kwa chini na kubeba sehemu ya mzigo. Magunia yalikuwa 40. Kilo 120 zingeondoka mchana kweupe, na kila mtu akiangalia.

Tangu siku hiyo nasema kila kikundi kiwe na mizani yake, hata kama mnunuzi anakuja na ya kwake.

Mkienda dukani, anzeni na mzigo wenu. Gunia la mazao kisheria halitakiwi kuzidi kilo 100, na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, ni kosa, kwa hiyo kikundi cha kijijini kinatosheka na mizani ya kilo 150. Ghala linalopokea mzigo wa wengi lichukue ya kilo 300. Msidhani kubwa ndiyo bora. Mizani ya kilo 300 kwa kawaida husoma kwa hatua ya gramu 100, na mzigo usiofika kilo mbili haiwezi kuupima kwa haki. Mwenye pilipili manga kule Muheza anahitaji mizani ndogo ya mezani.

Ya rula au ya kidijitali? Ya rula haitaki umeme, na muuzaji na mnunuzi wote wanaona mkono ukitulia katikati. Ya kidijitali ni nyepesi kusoma, lakini betri ikichoka inaweza kuanza kuyumba. Kwa kijiji chenye upepo wa chumvi kama chetu, mimi ningechagua ya rula kwa shambani na ya kidijitali kwa ghala lenye umeme na sakafu ya saruji. Mkichukua ya kidijitali, bamba liwe la chuma kisichoshika kutu, mahali waya unapoingilia pawe pamezibwa vizuri, na kioo cha namba kisimame juu ya mlingoti ili mwenye mali naye akione. Zile ndogo za kuning'iniza zenye springi ziachieni kukadiria nyumbani. Springi huchoka.

Kabla ya kulipa, ijaribuni palepale. Isome sifuri ikiwa tupu. Kisha chukueni mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa, muuweke katikati, halafu kwenye kila pembe. Namba ikibadilika kutoka pembe moja hadi nyingine, iacheni hapo dukani, hata kama bei ni tamu.

Muhimu kuliko yote ni muhuri. Mizani ya biashara lazima ihakikiwe na Wakala wa Vipimo kila mwaka, na upya wa dukani hauiondolei wajibu huo. Mkiona mizani ya mnunuzi haina stika ya mwaka huu, mna haki ya kukataa kupimiwa.

Kuhusu kupimia kwa debe na kangomba, vipimo visivyo rasmi, sina maneno mengi. Babu zetu walipima kwa pishi na kibaba, na kila mmoja alijua pishi ni vibaba vinne. Debe la leo hubondwa likatanuka, na anayepunjika ni mkulima.

Pimeni pia gunia tupu. La katani hukaribia kilo moja, na uzito huo utolewe mara moja tu, si nyumbani na tena ghalani. Andikeni kila gunia kwenye daftari kabla halijapanda gari, ili stakabadhi ya chama cha ushirika (AMCOS) ikija muilinganishe na namba zenu. Korosho zianikwe zikauke kwanza, maana zilizonyeshewa na vuli zitapungua uzito zikiwa ghalani, na daftari lenu litabishana na stakabadhi bila mwizi yeyote.

Wenye mizani ya mwaka jana, ipelekeni Tanga ikahakikiwe wiki hii, foleni ya msimu haijaanza.