Mzee kakwambia hilo si shairi?

Mdogo wangu wa Kigwa, barua yako imefika na mashairi yako mawili nimeyasoma. Unasema mzee anayeheshimika hapo kwenu kakwambia hayo si mashairi kwa kuwa hayana vina, wenzako wa kikundi wakanyamaza, na sasa daftari liko chini ya godoro. Litoe kwanza, ndipo tuongee.

Mzee hakuzusha. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi, mwana wa Ujiji aliyesoma huko huko kwenu Tabora, alichapisha *Sheria za Kutunga Mashairi*, na wengi wamekua wakiamini kwamba pasipo vina na mizani hapana shairi. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa *Kichomi*, diwani ya mashairi huru, malumbano yakawaka. Mwenyewe akaendelea kuandika. *Karibu Ndani* ikatoka 1988. Sisemi wewe ni Kezilahabi (hilo bado sana!). Ninachotaka ujue ni kwamba ugomvi ulioukanyaga ulikuwapo kabla hujazaliwa, na babu wa watu hakuamka asubuhi akakuandama wewe.

Huko kwenu mnalima tumbaku. Mteuzi akilishusha daraja robota la mtu, mkulima hununa, hata hubisha, lakini ubishi wake huwa juu ya jani. Nawe mrudie mzee kwa adabu: “Shikamoo babu. Vina tuviweke kando kidogo, ni mstari gani haukukuingia?” Akikuonyesha, umepata mwalimu. Akirudia vina tu, mshukuru, uende zako.

Wanaonitia wasiwasi ni hao wenzako. Ukimya wa waandishi mara nyingine ni wivu, mara nyingi ni uvivu: hawakusoma. Lakini hebu nikuulize, wewe la mwenzako ulilisoma lini mara ya mwisho, ukamwambia neno? Sisi waandishi tunapenda kusomwa kuliko kusoma, halafu tunalalamika Watanzania hawasomi. Msomaji wako unaye tayari. Umeandika mwenyewe kwamba shangazi yako alikuomba urudie lile la kwanza, ukalipita jambo hilo kwa mstari mmoja, kana kwamba shangazi si mtu.

Na usijione umemaliza kwa kuwa umechapa nakala safi. Mwalimu Nyerere, aliyewahi kufundisha St. Mary's Tabora, alitoa tafsiri yake ya *Julius Caesar* ya Shakespeare mwaka 1963. Mwaka 1969, akiwa Rais, aliitoa tena ikiwa imesahihishwa. Nani angethubutu kumlazimisha? Alijisoma mwenyewe, hakuridhika.

Sasa zamu yangu, na usininunie. Lile la pili, la treni: mistari mitatu ya mwisho ifute. Shairi lilikuwa limeshaisha.