Kontena na Imeji: Kuzisimamia kwa Amri

Bandari kavu ya Isaka, mkoani Shinyanga, ilijengwa ili kupokea makontena yanayotoka Dar es Salaam kwa reli na kuyapakia kwenye malori ya kwenda Rwanda na Burundi. Kreni haijali ndani mna sukari au vipuri, maana umbo la kontena ni moja. Wazo hilo ndilo lililohamishiwa kwenye kompyuta. Docker, iliyotolewa mwaka 2013 na ambayo jina lake lina maana ya kuli wa bandarini, hufunga programu pamoja na vyote inavyohitaji ili ifanye kazi vilevile kwenye kompyuta nyingine.

Watahiniwa wengi huchanganya imeji na kontena. Imeji ni kama kalibu ya matofali: haibadiliki. Kontena ni tofali lililotoka humo. Kalibu moja, matofali mengi.

Chukulia kwamba karani wa kikundi cha wachimbaji wadogo wa Katoro anatunza kumbukumbu za dhahabu waliyouza kwenye soko la madini la Geita. Anaandika:

docker pull alpine:3.20
docker run -it --name mauzo alpine:3.20 sh

Amri ya kwanza hupakua imeji. Hapa ndipo bando linapotumika, na ni mara moja tu (alpine ni ndogo, haifiki MB 10). Ya pili huunda kontena liitwalo mauzo na kumwingiza ndani yake. Anaandika gramu na bei kwenye faili /mauzo.txt, kisha anatoka kwa amri ya exit. Kontena linasimama.

Kesho yake anaandika docker ps, haoni kitu. Usikimbilie kujibu kwamba kumbukumbu zimepotea! Amri hiyo huonyesha makontena yanayofanya kazi tu. Docker ps -a huonyesha na yaliyosimama. Akiandika docker start -ai mauzo, atalikuta faili lake.

Hatari iko kwenye docker rm mauzo. Amri hii hufuta kontena pamoja na faili lililoandikwa ndani yake. Akiendesha docker run upya atapata kontena jipya, lakini halina hata gramu moja iliyoandikwa, na wanakikundi wanasubiri mgawo wao. Angeanza hivi:

docker run -it --name mauzo -v daftari:/data alpine:3.20 sh

Sasa kila kinachoandikwa ndani ya /data kinakaa kwenye volyumu iitwayo daftari, na hubaki hata kontena likifutwa. Zingatia: ni ndani ya /data tu. Faili lililowekwa kwingine halina kinga.

Imeji huorodheshwa kwa docker images na kufutwa kwa docker rmi. Kompyuta itakataa kufuta imeji yenye kontena, hata kama kontena limesimama. Hapa mfano wetu wa kalibu unakwama, kwani kalibu halisi ungeweza kuitupa matofali yakabaki. Futa kontena kwanza.

Swali. Karani asiyetumia volyumu aliandika docker stop mauzo, docker rm mauzo, kisha docker rmi alpine:3.20. Kumbukumbu zilipotea katika hatua ipi?

Jibu. Hatua ya pili. Ya kwanza husimamisha kontena tu, na ya tatu hufuta imeji, ambayo inaweza kupakuliwa tena.