Sikiliza Kwanza: Adabu ya Mashindano ya Redio kwa Alama za Morse

Mwenye leseni ya redio ya ridhaa aliyeko Mwisenge, Musoma, ana bahati ambayo mwenzake wa Ulaya hana: utambulisho wa kituo chake huanza na 5H, yaani Tanzania, na vituo vya namna hiyo ni vichache hewani. Katika mashindano ya dunia ya CQ kwa Morse, yanayochukua saa 48 mwishoni mwa Novemba, akiita mara moja wengi humjibu kwa pamoja.

Hapo ndipo adabu hupimwa. Kabla ya kurusha chochote, sikiliza, kisha tuma QRL na alama ya kuuliza: je, masafa haya yana mtu? Ukijibiwa kwamba yana mtu, hama. Ukinasa herufi mbili tu za utambulisho, zirudie, wala usimpokee mwingine hadi mwenye herufi hizo amalize, hata akiwa hafifu kuliko wanaomfunika. Ripoti ni fupi: 5NN 37, 5NN ni mkato wa 599, na 37 ni kanda yetu. Anayetuma polepole ajibiwe kwa mwendo wake. Taja utambulisho wako mara kwa mara. Kumsubirisha mtu dakika tano ili akujue ni ufidhuli, ingawa tunajua wapo wanaouita ujanja.

Ukisikia SOS, alama za mashindano hazina thamani tena. Acha kurusha, andika saa, masafa na mahali palipotajwa, na uendelee kusikiliza. Kituo kingine kisipojibu, jibu wewe.