MHESHIMU ANGALI HAI
Somo: Wafilipi 2:25–30

Epafrodito aliugua karibu kufa kwa ajili ya kazi ya Kristo. Paulo hakungoja matanga. Aliliambia kanisa limpokee kwa furaha na kumheshimu.

Namkumbuka Dkt. Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Lacor, Gulu, Uganda. Ebola ilipozuka mwaka 2000 alikuwa masomoni Kampala. Aliitwa, akarudi, akahudumia wagonjwa. Ebola ikamuua tarehe 5 Desemba.

Makanisa yalipofungwa Machi 2020, sisi wa Ngoliba tuliombea nyumbani. Madaktari na wauguzi wa vijijini wakaingia zamu. Je, waliporudi tuliwapokea ama tuliwakwepa? Wako hai, ni majirani zetu. Wiki hii bisha hodi kwa mmoja, mshukuru, mwombee kwa jina. Amina.